Rangi za Mahmudu

Ilifika ikisukumwa, na kabla haijaonekana ilishasikika. Watu wa mtaa wa Waswahili pale Gitega walisikia klaksoni inalia kutoka chini barabarani, ndefu, ya kulalamika, kama mbuzi anayepelekwa mahali anapopajua. Wakatoka milangoni waone ni bwana mkubwa gani huyo anayetaka kupishwa. Wakamkuta mwanamume mwembamba anasukuma pikipiki ya zamani kwa mikono miwili, jasho linamshuka, kidole chake hakijakaribia kitufe hata kidogo.

"Zima hiyo, sha!" mmoja wao akapiga kelele.

"Imezimwa!" akajibu yule mwanamume. "Funguo hii hapa mfukoni!"

Uthmani, fundi wa umeme wa pikipiki, alikuwa mbele ya karakana yake, amekaa kwenye kiti cha gari ambalo lenyewe lilishakufa zamani, anakunywa chai. Mji mzima ulimjua kwa mikono yake na kwa utani wake, na utani ulikuwa umetangulia kidogo. Ndiye aliyewahi kuunganisha klaksoni ya teksi ya jirani yake na taa ya breki, mtu wa watu akazunguka Gitega siku nzima anatukanwa kila akisimama.

"Karibu," akasema. "Hiyo umeileta itengenezwe au iombewe?"

"Vyote viwili, fundi, kama unaweza."

Alikuwa anaitwa Egidius, mkulima wa Makebuko. Alikulia Tanzania kwenye makazi ya wakimbizi, akarudi na mke wake Kasilda miaka ile malori ya wanaorudi yalipokuwa bado yanapita Kobero, mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa pasi. Pikipiki aliinunua Muyinga. Mwanzoni ilikuwa nzima kabisa. Halafu betri ikazeeka, akaenda Giheta kwa fundi mmoja akafungiwa mpya, na tangu siku hiyo ikawa mambo.

"Haichaji kabisa. Kila baada ya siku mbili napeleka betri kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Nikikaza mwendo taa inawaka kama jua, halafu inakufa. Na nikikata kushoto inalia. Hata ikiwa imezimwa, upepo ukisogeza usukani, inalia. Mke wangu hapandi tena. Anasema kuna mtu nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma yake. Mimi niko mbele, yeye nyuma yangu, na huyo mtu nyuma yake."

"Watu watatu! Polisi watakukamata, mzee," Uthmani akasema, akatua kikombe, akaanza kufungua kiti cha pikipiki.

Klaksoni ilikuwa kazi ndogo. Chini ya usukani, pale shingo inapogeuka, waya wake ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba ikatoka nje. Ukikata kushoto unagusa chuma, klaksoni inalia. Ila kitu kimoja kilimfanya akunje uso. Klaksoni ile haikupita kwenye funguo. Ilikuwa imeungwa moja kwa moja na betri, ili mwizi akiisukuma, mwenye pikipiki aweze kuiliza hata bila funguo, au bahati mbaya iilize yenyewe. Uthmani alimjua mtu mmoja tu aliyefunga hivyo.

Akatoa tangi. Nyaya zikatokea, zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa vipande vyembamba vya mpira wa ndani wa baiskeli, fundo dogo, mkia wa fundo umerudishwa chini. Akachukua taa yake ya kupimia. Akagusa. Akagusa tena.

Waya mwekundu ulikuwa umeshikwa kwenye chuma.

Kila mahali Burundi, na nadhani hata kwa wenzetu huko, mwekundu ndio waya wa moto, na mweusi ndio masi, yaani ule unaorudi kwenye mwili wa pikipiki. Hapa ilikuwa kinyume. Mwekundu masi, mweusi moto, kijani inafanya kazi ya njano, na njano inafanya kazi ya mtu mwingine kabisa. Fundi wa Giheta, maskini, aliamini rangi. Alipofunga betri mpya aliweka mwekundu kwenye chanya kama alivyofundishwa na Mungu, ikapiga shoti, regileta inayotuliza umeme ikaungua palepale, fizibu nayo, yaani fyuzi. Akageuza, pikipiki ikawaka, akaziba fizibu kwa karatasi ya sigara ile inayong'aa, akasema asante karibu tena.

Uthmani alianza kucheka. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, atafute nani amejificha nyuma ya ukuta anamchezea. Hakuna mtu. Mwajuma, jirani anayeuza makaa, alikuwa anahesabu mifuko yake. Mtaa ulikuwa unaendelea na mambo yake. Kicheko kikamwisha mdomoni, kikaacha mdomo wazi.

Kwa sababu rangi zile zilikuwa za Mahmudu.

Mahmudu alikuwa kaka yake mkubwa na ndiye aliyemfundisha kazi. Kugeuza rangi ilikuwa hila yake: mteja akienda kwa fundi mwingine, yule mwingine anaunguza, mteja anarudi kwa Mahmudu analia. Siri hiyo ya rangi ipi inafanya kazi ya ipi alimpa Uthmani peke yake, akamwapisha kwa Msahafu, wote wawili wanashindwa kuzuia kicheko. "Hii ni ya damu yetu," alisema. "Ukimpa mtu wa nje, mkono wako ukauke." Uthmani mwenyewe aliiacha hila hiyo baadaye. Hakuweza kuifanya bila kumwona kaka yake anacheka.

Mwaka tisini na sita, vita vikiwa vimekolea, Mahmudu alipanda pikipiki ya mteja aipeleke Muyinga. Alivuka Karuzi, watu walimwona. Baada ya Karuzi hakuna aliyemwona. Wakangoja. Wakasikia ile habari iliyokuwa inasikika kila nyumba siku hizo: waliovamiwa, waliotupwa, wasiozikwa. Msikitini wakamsalia swala ya ghaibu, wakasoma hitima. Mke wake Swabra akakaa eda yake mpaka ikaisha. Halafu wazee wakamwita Uthmani pembeni, wakamuuliza mke wa kaka yako aende wapi, na barabara zote zimefungwa, na kwao wamekimbia. Uthmani akamuoa Swabra. Mpaka leo hii walikuwa wameshazaa watoto wanne, wa kwanza msichana, Amisa.

"Egidius," akasema. "Nyaya hizi ndizo za pikipiki tangu mwanzo?"

"Hapana. Za mwanzo zilikuwa zimeoza. Yule aliyeniuzia alizifungisha upya zote kabla sijaichukua. Mwaka jana."

"Mwaka jana."

"Ndiyo, mwaka jana, Muyinga. Vipi, kazi mbaya?"

"Kazi nzuri," Uthmani akasema. "Nani alifunga?"

"Sikumwona fundi. Niliikuta tayari."

Sasa hapo kila mtu angefikiri fundi wetu angeruka kwa furaha. Kaka yuko hai! Mbuzi achinjwe! Lakini Uthmani aliinama palepale juu ya injini, na jambo la kwanza lililomjia, kabla ya jina la Mungu, lilikuwa: basi mke wangu si mke wangu. La pili lilikuwa baya zaidi. Alitamani mtu aliyefunga nyaya zile awe ameiba tu siri, na Mahmudu awe amekufa kweli, mapema, vizuri, palepale walipomlilia.

Akachukua koleo. Akaamua kuzing'oa nyaya zote, moja moja, afunge mpya kwa rangi za watu wote, zile za zamani azitie kwenye moto wa chai. Alikuwa ameshakata fundo la kwanza.

"Baba Amisa, chakula."

Swabra alikuwa amesimama nyuma yake na sahani iliyofunikwa. Alikuja kila mchana, hakuna cha ajabu. Lakini huyu mwanamke, enzi za Mahmudu, alikuwa anakaa naye jioni anamkatia vipande vya mpira wa baiskeli kwa makasi yake ya kushonea. Aliona mpira. Aliona fundo. Akaona waya mwekundu umelala kwenye chuma. Sahani akaiweka chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Hii nani alifunga?"

"Iko fundi moja ya Muyinga. Mi nadhani hizi rangi aliziota."

Swabra hakucheka.

"Alifunga lini?"

Uthmani akatafuta mzaha. Egidius, mtu mwema, akamjibia: "Mwaka jana, shemeji."

Upepo ukasogeza usukani, na klaksoni, ambayo hakuna aliyekuwa ameiondoa kwenye betri, ikalia. Swabra hakuruka. Aliisikiliza mpaka ikaisha, kama mtu anayesikiliza anachoambiwa.

"Wewe uende Muyinga," akasema.

"Mama Amisa, kanmem, hata hivyo, inaweza kuwa..."

"Uende. Ukirudi, uniambie vile iko. Usinichezee kwa hii moja, Uthmani. Zingine zote nimekusamehe."

Alimwita kwa jina. Alikuwa hajamwita kwa jina tangu Amisa azaliwe.

*

Uthmani alitoa regileta kwenye pikipiki iliyokufa nyuma ya karakana, akaifunga. Akapima kwa mita: injini ikikaza, umeme unapanda, unafika pale unapotakiwa, unatulia. Betri ikaanza kula umeme. Waya wa klaksoni akauvalisha mpira. Rangi hakuzigusa. Fundo alilolikata alilifunga tena, na vidole vyake vilirudisha mkia chini vyenyewe, bila kuulizwa.

Wakaondoka kesho yake asubuhi, Egidius mbele, yeye nyuma. Pikipiki ilikuwa inaimba. Walipovuka Karuzi, Uthmani aliacha kuongea. Barabara ilikuwa nzuri tu, watoto wanauza maembe na parachichi, wanawake wametandika maharage kwenye mikeka. Lakini kila kona aliyoiona alijiuliza kama ndiyo hiyo. Mgongo ulimpiga baridi, sehemu moja tu, kati ya mabega, saizi ya kiganja. Akasogea mbele kidogo kwenye kiti. Kisha akaona aibu, kwa sababu alikuwa amesogea kama mtu anayempisha mwingine akae.

"Umekaa vizuri, kaka?" Egidius akauliza.

"Niko vizuri. Kasilda alisema uongo. Huku nyuma hakuna nafasi."

Muyinga waliuliza kwa vijana wa pikipiki za abiria: nani hapa anafunga nyaya kwa mpira wa baiskeli? Vijana wakaanza kulalamika wote pamoja. Ni Adventina! Yuko nyuma ya soko, njia ya Kobero. Ukifungiwa na yule mama umekwisha, mwingine yeyote akigusa inaungua, mpaka urudi kwake, na ukirudi anakucheka.

Mwanamke. Uthmani alipumua. Basi ni mwanamke tu, ni fundi mwingine tu.

Adventina alikuwa wa makamo, kitambaa kichwani, rozari shingoni, mikono nyeusi ya grisi mpaka kwenye viwiko. Aliitambua pikipiki kabla ya watu.

"Nani amegusa hii?"

"Fundi wa Giheta," Egidius akasema.

"Aliunguza?"

"Aliunguza."

Akacheka kwa furaha ya kweli, akajipiga paja. "Na huyu aliyeitengeneza bila kuunguza, ni nani? Maana hii iko inachaji, naisikia."

"Ni mi, mama. Naitwa Uthmani. Uthmani wa Gitega."

Kicheko kikakatika. Adventina akamtazama. Akatazama mikono yake, akapanda mpaka masikioni, akakaa hapo kwa muda.

"Hapana," akasema. "Uthmani tulishamuzika."

Egidius alifanya ishara ya msalaba.

"Masikio ni yale yale," Adventina akasema taratibu. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu. We ndo Uthmani ya kweli."

Akawavutia benchi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, Kirundi kinaingia na kutoka kinavyotaka, lakini alisimulia vizuri, mikono yake inatengeneza kiungo cha waya muda wote, kwa sababu kama angeiacha mikono ikae bure, nadhani asingeweza.

Wanaume wa kwao walimkuta mtu chini ya barabara, mguu umevunjika, pikipiki hakuna. Wakamficha. Mguu ukapona vibaya, ukabaki umepinda. Alijiita Uthmani, mtu wa Uvira, hana ndugu. Barabara zilikuwa zimefungwa, na mguu ule usingefika popote, basi akakaa. Alikuwa anasema tu, nikipata mguu naenda kwetu, na watu walidhani kwao ni Uvira. Mi ndo nilijua si Uvira, akasema Adventina, kwa sababu akiota alikuwa anaita jina la mwanamke, anataja na Gitega.

"Halafu kukaja mfanyabiashara moja ya Gitega, analeta vitambaa hapa soko. Walikaa karibu, na yule hamujui. Wanapiga stori. Yule anasema, kuna fundi ya kwetu alipotea, anaitwa Mahmudu, bibi yake amechukuliwa na mdogo wake, na sasa iko na mimba. Anacheka, anasema, mdogo ni mtu wa michezo, lakini nyumba inasimama, anailisha."

Akakaza waya.

"Siku ile alikuwa ameshafunga mzigo wake, kwa sababu lori ilikuwa inaenda Gitega na wanajeshi mbele. Mzigo iko mlangoni. Alirudi, akaukalia. Jioni akasimama, akaangalia upande wa kwenu, akasema mara tatu: Swabra nimemwacha, Swabra nimemwacha, Swabra nimemwacha. Akaniambia, Adventina, we ndo shahidi. Nikamuambia mi ni Mukatoliki, na mi ni mwanamke. Akaangalia, akaona mbuzi yetu. Akasema, basi mko wawili."

Uthmani alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, na nyuma yake kikatoka kingine ambacho hakikuwa kicheko.

"Kwa nini alichukua jina langu?"

"Nilimuuliza. Alisema, yeye iko kwenye nafasi yangu kule, mi nitakaa kwenye yake huku. Ilikuwa inamuchekesha. Siku zingine haikumuchekesha."

"Na rangi? Alisema ni ya damu."

"Alisema ndugu yake hatakuja tena, na mtu akifa na siri ya kuchekesha ni dhambi." Akatua koleo. "Aliishi hapa mpaka malori ya kwanza ya wakimbizi yalianza kurudi. Alikuwa anaenda barabarani kuyaangalia yanapita, na ule mguu. Kifua kikamushika. Hakukaa sana."

Makaburi ya Waislamu wa Muyinga yalikuwa kwenye mteremko, majani yamekatwa. Adventina alibaki nje ya uzio na Egidius. Uthmani akaingia peke yake. Alilikuta kirahisi. Kulikuwa na kibao cha bati, na maandishi ya rangi ya pikipiki, nyekundu, mkono wa mwanamke: UTHMANI WA UVIRA. Alisimama mbele ya jina lake. Jua lilikuwa kali, na bado aliona kama amesimama kwenye kivuli cha mtu.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Amekufa. Hatarudi. Ilikuja moto na tamu, haikuomba ruhusa, akaitambua ilivyo. Akasoma Fatiha, akaanza dua. Alipofika mahali pa kumtaja maiti, alikwama. Hakujua amtaje kwa jina lipi. Akasema yote mawili.

*

Njiani kurudi, Uthmani alipiga hesabu ambayo haikuwa ngumu. Ilihitaji kusogeza kitu kimoja tu. Mahmudu alivunjika mguu, akaokotwa, akaishi siku chache, akamfundisha mwanamke aliyemuuguza kidogo cha rangi, akafa. Palepale, mwaka uleule wa tisini na sita. Kaburi lipo, Swabra akitaka apelekwe akalione. Kibao kinaweza kuandikwa upya. Ndoa inabaki safi kama ilivyokuwa. Watoto wanabaki watoto. Uongo mdogo, wa miaka michache, kutoka kwa mtu aliyedanganya mji mzima kwa mambo makubwa zaidi.

Walisimama Karuzi kunywa fanta. Egidius aliizungusha chupa yake mezani.

"Kaka. Mimi nilikuwepo, nimesikia yote. Lakini Kirundi changu cha Tanzania, unajua, kibovu. Inawezekana nilielewa vibaya. Mtu akiniuliza, nitasema hivyo."

Uthmani alimwangalia mkulima huyu ambaye juzi tu alikuwa hamjui.

"Asante," akasema. Na alimaanisha, na alipanga kuutumia wema huo.

Gitega walifika jua bado liko juu. Swabra alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Watoto walikuwa shuleni. Hakuinuka.

"Umemwona?"

"Nimeona kaburi."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Kisha ukaendelea, unasogeza punje, unatoa jiwe, unatupa.

"Alivunjika mguu," Uthmani akaanza, "kule mbele ya Karuzi. Watu wakamuokota. Iko mama moja alimuuguza, Adventina, ndo anafunga zile nyaya sasa. Alimfundisha kidogo tu, halafu..."

"Wakati anakufa, Amisa alikuwa amezaliwa?"

Alikuwa ameandaa mwaka. Alikuwa ameandaa mwezi. Hakuwa ameandaa mtoto wake. Jibu la uongo lilikuwa neno moja fupi, lilikuwa limeshakaa mdomoni, na mbele yake palikuwa na ungo, na vidole vya Swabra, vile vilivyokuwa vinakata vipande vya mpira, vinangoja.

"Alikuwa amezaliwa," akasema. "Alikuwa anatembea. Alikuwa ameanza kusoma."

"Alijua?"

"Alijua. Alikuwa amefunga mzigo wa kurudi. Alisikia sokoni kama uko na mimba, akaufungua."

Akamwambia yote. Jina alilolichukua, lori, mguu, kibao. Alipofika kwenye talaka na mbuzi, Swabra alicheka, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyepigwa. Ni Mahmudu mtupu, hakuna mwingine. Kisha akafunika uso kwa upande wa kanga na mabega yakaanza. Uthmani alinyoosha mkono. Swabra akausogeza ungo, ukawa kati yao.

Alipotulia, akavua hereni moja, akavua ya pili. Akavua bangili. Akaziweka juu ya mchele.

"Chukua godoro la chumba cha wageni. Utalala karakana."

"Swabra."

"Mi niko eda."

"Sheikh atakuambia eda ilishapita zamani. Wanahesabu tangu siku ya kifo."

"Sheikh hakulala na yeye. Ile eda ya kwanza nilikalia mtu anakula ugali Muyinga. Nilikaa, nikalia, nikaitoa, nikavaa nguo mpya nikaolewa, na yeye iko anafunga mzigo. Hii sasa namkalia mwenyewe. Tangu leo."

"Na mi?"

"We ni shemeji. Ukipita piga hodi. Chakula nitamtuma Amisa."

"Na ikiisha?"

Swabra akafikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ikiisha utatuma watu, kama mwanamume mwingine yeyote. Nitawasikiliza."

"Na ukikataa?"

"Utakuwa umekataliwa. Watu wanakataliwaka, Uthmani, wanaishi."

Uthmani akajitwika godoro kichwani. Lilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri, lilimwangukia machoni, akawa anatembea mtaani anaona miguu yake tu. Mtaa ulisimama kumwangalia. Vijana wakaanza kupiga miluzi, wakingoja mchezo, kwa sababu Uthmani na godoro kichwani mchana kweupe, hapo lazima kuna kitu.

"Eh, fundi!" Mwajuma akapiga kelele kutoka kwenye makaa yake. "Leo umefukuzwa?"

Uthmani akalitua godoro mbele ya karakana.

"Nimefiwa, dada Mwajuma."

"Acha hizo."

"Nimefiwa. Kaka yangu amekufa."

"Mahmudu? Mahmudu tulimsomea zamani, mwanangu. Mi mwenyewe nilipika."

"Tulimsomea mapema," Uthmani akasema. "Alikuwa hajafa."

Mwajuma akamwangalia usoni, akitafuta pale kwenye kona ya mdomo ambapo mchezo hujificha. Kisha akajifuta makaa mikononi, akajifunika kanga kichwani, akavuka njia, akakaa chini kando ya godoro, miguu amenyoosha, kama wanavyokaa wanawake siku ya kwanza ya msiba.

"Pole," akasema.

Vijana waliacha miluzi. Mmoja akaja, akasimama, akavua kofia. Fundi cherehani akaja. Yule wa teksi, yule wa klaksoni, akazima gari katikati ya barabara akashuka. Kufika jioni benchi la karakana lilikuwa limejaa na lingine limeletwa kutoka msikitini. Uthmani alikaa katikati yao na mikono yenye grisi, anapokea pole, na kwa kila aliyekuja alianza kusimulia upya, tangu Karuzi.